Pikipiki ya Kulalia Tumbo

Tangu nirudi, kila anayeingia dukani kwangu kuleta suruali ya kupunguza ananiuliza mgongo unaendeleaje. Hakuna anayeuliza harusi ilikuwaje wala pilau ilitosha. Ni mgongo tu. Nimechoka kusimulia vipande vipande huku pini ziko mdomoni, kwa hiyo nimekaa nikaandika yote kwa mkupuo mmoja. Mkimaliza kusoma, leteni suruali zenu kimya kimya.

Nilivyoinunua ile pikipiki, ilivyofika Handeni na makaratasi yake, hayo nayapita. Inatosha mjue ni ya aina ya mashindano, ambayo vijana wanaiita spoti. Usukani wake uko chini karibu na taa, vikanyagio viko juu na nyuma, na mwendeshaji anainama juu ya tangi kama anayetafuta sindano iliyodondoka. Niliitamani tangu sijaoa. Sasa nina miaka arobaini na saba, na ishirini na miwili kati ya hiyo nimeimaliza mbele ya cherehani hapa Chanika, Handeni.

Hapo ndipo penye kesi. Mwaka juzi mgongo ulinikamata nikalala mkekani wiki tatu. Mke wangu, Mama Rehema, ndiye aliyenigeuza, akanikanda, akanipeleka msalani huku nimemning'inia shingoni. Alipoiona pikipiki aliizunguka mara moja, akaweka kiganja juu ya kiti, akasema inataka nikae vilevile ninavyokaa kwenye cherehani, tofauti ni kwamba hii inakimbia.

Mwishowe tulipatana. Mdogo wake alikuwa anaolewa kwao Kwashemshi, na yeye angetangulia kwa basi siku tatu kabla kusaidia kazi. Mimi ningefuata na pikipiki. Nikishuka mbele yake nimenyooka, pikipiki inabaki. Nikishuka nimepinda, inauzwa, na mazungumzo ya pikipiki yanafungwa nyumbani kwangu mpaka kiama.

"Safari moja tu," aliniambia. "Mimi kukuuguza mara ya pili siwezi, Baba Rehema. Si kwamba sitaki. Siwezi."

Alijua pia kwamba ukweni hakuna kudanganya. Kwao mama mkwe haamkiwi umesimama. Unachuchumaa mbali kidogo, macho chini, unaamkia, unangoja amalize kukujulia hali, ndipo unainuka. Anayeinuka kwa kushika ardhi anaonekana na ukoo mzima.

Chanika hadi Misima

Coaster inatoka Handeni mpaka Korogwe kwa muda usiotosha kumaliza usingizi mmoja. Mimi niliondoka asubuhi chai ikiwa bado ya moto kwa majirani, nikafika nilikokwenda watu wanatoka kuswali alasiri.

Nilijiandaa kama fundi. Niliwaza kwamba starehe ya kukaa iko matakoni, basi nikashona mto wa sponji wa vidole vinne, nikauvika ngozi ya bandia nyeusi, mshono maradufu, kamba nne za kufungia chini ya kiti. Majirani waliusifia. Mwalimu mmoja mstaafu aliubonyeza mara tatu akaniambia nishone na wa kigoda chake. Mgongoni nilivaa begi lenye magauni sita ya sare ya mashangazi wa bibi harusi, niliyoyashona mwenyewe. Nikaondoka kwa heshima zote.

Heshima hizo ziliishia kwenye tuta la pili. Kila nilipopunguza mwendo, mwili wote ulimwagika mbele ukatua kwenye viganja. Begi nalo likashuka kunisukuma kisogoni. Nilijaribu kunyoosha mikono ikawa kila shimo la barabara linanigonga mabegani. Nilijaribu kuikunja, kidevu kikagusa tangi. Nilisogea mbele, nikasogea nyuma, nikakaa upande kama mwanamke aliyevaa sketi ya kubana. Kabla sijafika Misima vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimekufa ganzi, na mgongo ulishaanza kunong'ona pale pale pa mwaka juzi.

Hofu iliniingia. Safari ilikuwa bado haijaanza.

Chai ya Misima

Nilisimama kwa mama lishe mmoja, mwanamke mnene wa kiunoni, mwembamba wa mabegani, wale ambao gauni la kununua haliwakai. Nilishuka lakini sikunyooka. Nilitembea nimeinama vilevile nilivyokuwa juu ya pikipiki, mikono mbele, nikakaa benchini. Nikaagiza chapati mbili na maharage.

Alinitazama nilivyojikunja. Akaniambia maharage hataniuzia.

Nilidhani yameisha, nikaagiza supu. Nayo akasema hapana. Akaniletea uji mweupe usio na sukari na kikombe cha tangawizi iliyochemshwa ikachemka, akakaa mbele yangu kuhakikisha nakunywa. Alikuwa ameshaamua kwamba naumwa tumbo la kuhara. Nilimweleza ni pikipiki tu, imenikalisha vibaya. Akasema ndiyo, wanaume wote husema ni kitu kingine. Mume wake naye alisema ni baridi mpaka wakamfikisha hospitali.

Nilikunywa uji ule wote. Chapati nilizisikia zikigeuzwa nyuma yangu, na harufu yake mnaijua. Nilipoondoka alinifungia ndizi moja mbivu kwenye karatasi, akanisihi nisiende mbali na choo.

Sindeni, kwa mtu wa mkaa

Nilifika Sindeni kwa kujikaza kisabuni. Pembeni ya barabara palikuwa na kibanda cha machungwa kisicho na mtu wala machungwa, nikaegesha kivulini. Sikuwa na nguvu ya kushuka. Nikalaza kifua juu ya tangi, mikono ikaning'inia huku na huku, nikafumba macho.

Ndipo ilipopita Coaster ya kwenda Korogwe. Mlangoni alikuwa amening'inia Salimu, mdogo wa kiume wa Mama Rehema, ambaye ni kondakta wa gari hilo. Nilimsikia akiita, "Shemeji! Shemeji, vipi?" Nilitaka kumpungia mkono lakini mkono ulikataa kufunguka, nikainua kidole kimoja. Gari halikusimama. Nilirudisha kichwa kwenye tangi bila kuwaza kitu. Shikeni hapo kwenye kile kidole, tutakirudia.

Nilipofumbua macho, mtu alikuwa amekaa chini hatua chache kutoka kwangu anamenya muwa. Baiskeli yake ilisimama kwa kuegemezwa gongo lenye panda, na nyuma yake ilibeba magunia matatu ya mkaa. Aliitwa Mbwana. Ni mtu wa miaka thelathini na kitu, kifua kipana, bega la kulia limeshuka vidole viwili kwa sababu ya kusukuma. Alinikatia pingili ya muwa, akaniuliza naenda wapi na nafanya kazi gani. Nikamwambia yote, mpaka habari za mapatano na mke wangu. Sijui kwa nini mtu humweleza mgeni mambo ambayo jirani hamwelezi.

Alitafuna akiitazama pikipiki.

"Fundi," alisema, "hiyo unaiendesha kwa mikono."

Nikamwuliza wenzangu huendesha kwa kitu gani.

"Kwa mapaja. Mikono ni ya kuonyesha njia tu. Mimi nikiegemea usukani na hizi gunia nyuma, saa hizi ungenikuta mtaroni."

Akaniambia nikae kama ninavyoendesha, halafu niachie mikono. Nikaachia. Nilianguka mbele nikaligonga tangi kwa kidevu. Hakucheka, na hilo nilimshukuru. Alikuja akaubonyeza mto wangu kwa kidole kilichojaa mkaa.

"Huu nani amekuuzia?"

"Nimeushona mwenyewe."

Akaupapasa mshono, akauinamia akauangalia kwa karibu.

"Umeshonwa vizuri," alisema. "Lakini unakumwaga."

Neno hilo liliniuma kuliko kidevu nilichokigonga. Lakini ilikuwa kweli. Kiti cha ile pikipiki kimeinama mbele tangu kiwandani, na mimi nilikuwa nimekipandishia kilima cha sponji juu yake, nikajiteleza mwenyewe safari nzima. Fundi nguo akiona kitu kigumu anawaza kukishonea kitu laini. Hawazi kukikalia tofauti. Kamba nilizifunga mafundo ya kudumu, ikabidi nizikate kwa kisu cha Mbwana moja baada ya moja.

Begi nalo alisema litoke mgongoni. Tuliyatoa magauni, tukayakunja kifurushi kimoja pamoja na mto, tukakifunga kwa mpira wa baiskeli kwenye kile kiti kidogo cha nyuma, ambacho ni kama kisahani kilichoinuliwa. Kilienea sawasawa. Nilifurahi, maana nilikuwa sijajua kile kisahani kina kazi gani.

Kisha alitoa spana kwenye kikebe chake, tukaishusha mikono ya klachi na breki kidogo, ili vidole vifuate mstari wa mkono badala ya kupinda kwenye kifundo. Akanirudisha nyuma mpaka ngumi moja ikapita kati yangu na tangi. Nikakanyaga kwa unyayo wa mbele, siyo katikati ya mguu. Nikalibana tangi kwa magoti, nikakaza tumbo.

"Sasa achia," akasema Mbwana.

Nikaachia mikono. Sikuanguka. Nilikaa hewani nimeinama, mapaja yananitetemeka, mikono imening'inia haina kazi, na mgongo hausemi kitu. Nilihesabu pumzi tano. Nilitamani Mama Rehema angekuwepo anione.

Mbwana alikataa kupokea chochote. Shati lake lilikuwa limefumuka kwapani, na mimi sitembei bila sindano na uzi, basi nikamshonea palepale likiwa mwilini, ameinua mkono kama anayeapa. Nimempa ahadi ya shati jipya litakalofuata bega lake lilivyo, siyo lile la watu wa kwenye matangazo. Limeshakatwa, liko juu ya kabati langu, anayekwenda Sindeni apite alichukue.

Sindeni hadi Old Korogwe

Kipande hiki kilikuwa raha, na raha haina mengi ya kusimulia. Barabara ilinyooka, upepo ukanipokea kifuani na kunibebea nusu ya uzito. Niligundua kwamba ile pikipiki ina mwendo wake: ukienda polepole inakutupia mzigo wote wa mwili viganjani, ukichangamka kidogo upepo unakusaidia kuubeba. Nilishika usukani jinsi unavyoshika kifaranga. Mashamba ya mahindi yalipita, mbuzi wakapita, mimi nikaimba ndani ya helmeti wimbo wa harusi nisioujua maneno. Nilikuwa na furaha, nasema kweli. Niliiona ile furaha ya miaka yangu ishirini ambayo sikuwahi kuipata nilipokuwa na miaka ishirini.

Nilipokaribia mji, askari wa usalama barabarani akanisimamisha. Sikuwa nimezidisha mwendo, na hakusema nimezidisha. Kosa lilikuwa mkao.

"Kwa nini unajificha?" aliniuliza.

Nikamwambia sijifichi, pikipiki ndiyo inavyokaliwa. Alikuwa bado kijana, mgeni wa kituo kile, na nadhani alikuwa hajaiona ya namna hiyo kwa karibu. Aliniambia nikae kama watu. Nilimwonyesha kwamba nikikaa kama watu, mikono haiufikii usukani vizuri. Akasema nijaribu. Tukajaribu, yeye ananisawazisha mabega kama mimi ninavyomsawazisha mteja mbele ya kioo. Mkubwa wake akapita, akaulizwa, naye akaizunguka pikipiki, wakabishana wao kwa wao. Ilikwenda karibu saa nzima. Mwisho waliniruhusu kwa sharti la kuondoka nimekaa wima. Niliondoka nimenyoosha mikono yote miwili mbele kama anayetembea gizani, mpaka kona ya kwanza, kisha nikainama.

Old Korogwe nilikula. Karibu na daraja la Pangani kuna mama anakaanga samaki wa mto, nikala na ugali mpaka nikalegeza mkanda, kulipiza uji wa Misima. Nilipoinuka nilijipima kwa siri. Mapaja yaliwaka moto. Mgongo ulinyamaza.

Kilole

Kilole nilisimama kujaza mafuta, ndipo nikakumbuka simu. Ilikuwa ndani kabisa ya kifurushi, imezingirwa na magauni. Mama Rehema alikuwa amenipigia mara kumi na moja.

Nilimpigia, hapatikani. Nikarudia, hapatikani. Nikampigia Salimu, akasema yuko stendi, nimngoje. Alikuja anakimbia, akanishika mabega yote mawili akanitazama usoni.

"Shemeji, umepona?"

Alikuwa ameniona Sindeni nimelala juu ya tangi, naye akaita, na mimi nikajibu kwa kidole kimoja. Kule kwao mtu anayejibu kwa kidole ni mtu anayeaga dunia. Wakati huohuo abiria mmoja aliyepanda Misima alishasema kuna mtu wa pikipiki amekunywa uji kwa mama lishe, anaharisha vibaya, hata kunyooka hawezi. Salimu alijumlisha mambo mawili akapata la tatu, akapiga simu nyumbani. Alimwambia dada yake mgongo umenirudia njiani, na tumbo limefuata.

Nilimuuliza dada yake alisema nini.

"Alikata simu," Salimu alijibu.

Ile furaha yote ya barabarani ilinitoka. Nilimwona kichwani mwangu, yuko jikoni na simu mkononi, anakumbuka wiki tatu za mkekani. Nilipanda bila kuaga vizuri.

Kilole hadi Kwashemshi

Njia ya Kwashemshi siyo ya spoti. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake. Baada ya mashamba ya mkonge inaanza kokoto, kisha udongo mwekundu, kisha mawe yaliyolala hapo toka enzi za mababu. Magurudumu ya ile pikipiki ni laini kama kisigino cha mtoto. Nilikwenda kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni, na mwendo huo ndio ule unaotupa mzigo viganjani. Kila viganja vilipolemewa nilikumbuka mtu wa mkaa, nikabana tangi. Bodaboda zilinipita zimebeba watu watatu na kuku, wananipa pole. Mahali pawili nilishuka nikaisukuma. Nilikuwa na haraka ambayo pikipiki ya mbio haikuweza kunisaidia.

Ukweni

Niliingia uani na injini nimeshaizima, kwa heshima. Barazani walikuwa wametandika godoro, juu yake shuka nyeupe. Sufuria ya mizizi ya dawa ilikuwa inatoa mvuke. Mashangazi walikuwa wamekaa kwa mstari, na mwisho wa baraza, kwenye kigoda, mama mkwe na kanga yake kichwani. Mama Rehema alikuwa amesimama mlangoni. Hakunifuata. Alisimama tu ananitazama ninavyoshuka.

Nilishuka. Nikasimama. Nilinyooka kweli, bila kujilazimisha, na kwa mara ya kwanza siku ile nikashusha pumzi. Nikadhani nimemaliza.

Nilisogea mpaka mahali pa mkwe, nikachuchumaa, nikainamisha macho, nikaamkia. Mama mkwe aliitikia. Kwa kawaida anakujulia hali kwa maneno matatu, kisha anakuruhusu. Siku hiyo alikuwa ametishwa tangu asubuhi, basi aliuliza kila kitu. Aliuliza njia, akauliza tumbo. Nikasema tumbo zima, mama. Akauliza mgongo, mtoto wetu Rehema, mvua ya Handeni, majirani. Akarudi kwenye tumbo. Mimi nimechuchumaa. Mgongo ulikuwa salama kabisa, lakini mapaja yaliyobana tangi tangu Sindeni yalianza kutikisika, na jasho likanitoka masikioni. Niliona vivuli vya mashangazi vikiinama kunitazama. Nilijua macho ya mke wangu yako kwenye mkono wangu wa kulia, kuangalia kama utagusa chini.

"Haya baba, inuka ukapumzike," alisema mama mkwe hatimaye.

Nilirudisha uzito nyuma, nikakaza tumbo, nikainuka. Mkono ulishuka mpaka karibu na ardhi, sikatai. Haukugusa.

Nilipogeuka, mlango ulikuwa wazi na hapakuwa na mtu. Mama Rehema alirudi baada ya muda na bilauri ya maji, macho mekundu. Alingoja ninywe yote.

"Nilishatandika godoro," alisema taratibu. Kisha akachukua bilauri. "Inabaki. Ahadi ni ahadi."

Magauni ya mashangazi yaliwakaa vizuri, hilo mngeniuliza ningelijibu kwa furaha. Harusi ilipita salama.

Kwashemshi hadi Chanika

Siku ya kurudi nilikwisha kuipangusa pikipiki, kila mtu uani anaitazama. Mama Rehema alitoka na mkoba wake, amevaa buibui, akaja akasimama upande wa nyuma. Alikitazama kile kisahani.

"Wewe umepata pa kukaa," alisema. "Mimi nakaa wapi?"

Hakusema kwa utani wala kwa hasira. Aliuliza kama mtu anavyouliza kwenye basi. Na mimi niliyetembea safari nzima nikitafuta mahali pa matako yangu, viganja vyangu na mgongo wangu, nilikuwa sijawahi kukaa dakika moja kuwaza swali hilo. Niliwahi kukipima kile kiti kwa kifurushi cha nguo nikaridhika kwamba kinaenea. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema waliotutangulia, nami nilikuwa sijaubeba hata huo.

Tulijaribu. Niliufunga ule mto wangu wa sponji juu ya kisahani, akapanda kwa kunishika shingo. Ukamfanyia yeye kama ulivyonifanyia mimi: ulimmwaga. Kila tuta alinishukia mgongoni, akaomba radhi, akajirudisha, magoti yake yakiwa juu kama ya panzi. Uzito wa wawili ukaja viganjani mwangu. Hakulalamika hata mara moja. Tulipofika lami alinigonga bega, nikasimama. Alishuka, akashika kiuno chake kwa mikono miwili, akakaa hivyo akitazama mkonge. Yule aliyenibeba mimi shingoni wiki tatu.

"Ngoja nipande gari la Salimu," alisema. "Tutaonana nyumbani."

Nilimsindikiza mpaka stendi. Alipata kiti cha nyuma kabisa, dirishani. Ningeweza kuwapita na kufika Chanika mapema nikamwekea maji ya kuoga. Sikuweza kuwapita. Niliifuata Coaster kwa mwendo wake, inasimama kila kijiji, inashusha mihogo, inapandisha watu, na mimi nyuma yake kwa mwendo ambao somo la Mbwana la mapaja halisaidii kitu. Ganzi ilirudi. Kila tuta Mama Rehema aligeuka kuangalia kama bado nipo, nami nikamwinulia kidole kimoja, akacheka peke yake dirishani. Nilikuwa juu ya pikipiki niliyoitamani robo karne, mkao wake nimeshaupata, na nilijisikia mpweke kuliko siku yoyote ninayokumbuka.

Chanika yeye alishuka amenyooka. Mimi vidole vilikataa kufunguka, akanifungulia mkanda wa helmeti mwenyewe, akanivua. Hakusema neno juu ya mapatano. Alisema nimechoka, niingie ndani.

Basi, mgongo uko salama, asanteni kwa kuuliza. Ule mto nimempelekea mwalimu, umekaa vizuri kwenye kigoda chake. Na pikipiki iko uani, imefunikwa turubai. Kesho kuna mnunuzi wa Kilole anakuja kuiangalia, anasema amelipenda umbo lake. Nimemwambia aje na mkewe.